Askari au Mgono? Sitiari ya Kinga katika Kiswahili cha Sayansi, Ikitazamwa kutoka Maporomoko ya Wagenia

Utangulizi

Kwa muda mrefu mjadala kuhusu Kiswahili cha sayansi umekuwa mjadala wa istilahi. Tumebishana kama tuseme jeni au chembe za urithi, antibodi au kingamwili. Tumeunda kamati, tumechapisha orodha, na mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Kazi hiyo ilikuwa ya lazima, wala makala haya hayakusudii kuibeza. Hata hivyo, kuna jambo ambalo mjadala huo umeliacha kando. Msomaji halielewi somo kwa istilahi peke yake. Hulielewa kwa picha anayopewa. Istilahi huingia katika lugha kwa kupitia vikao na kujadiliwa. Sitiari huingia bila kupiga hodi, na ikishaketi hakuna anayeiuliza imetoka wapi.

Picha iliyotawala maelezo ya kinga ya mwili katika Kiswahili ni ya askari. Chembechembe nyeupe za damu ni askari wa mwili, vimelea ni maadui, homa ni mapigano, chanjo ni mazoezi ya kijeshi, na UKIMWI ni adui anayewaua walinzi ndani ya ngome yao. Mwanafunzi wa shule ya msingi huijua picha hii kabla hajajua seli ni nini. Madhumuni ya makala haya ni kuihakiki kama tunavyohakiki sitiari yoyote katika fasihi: inaangaza nini, inaficha nini, na inazungumza na nani. Nitaipima kwa jambo moja mahususi, yaani namna jeni za kingamwili zinavyodhibitiwa wakati seli B inapokua, kwa sababu hapo ndipo inapoonyesha udhaifu wake wazi zaidi. Nitaipima pia kutoka mahali mahususi, kwa wavuvi wa Wagenia mjini Kisangani, ambako Kiswahili kimekuwa kikisemwa tangu misafara ya kina Tippu Tip, aliyefanywa wali wa maporomoko hayo mwaka 1887.

Neno kinga

Kabla hatujamfikia askari, tulitazame neno lenyewe. Kitenzi kukinga kina matumizi mawili. Mtu hukinga jua kwa mwavuli, hukinga pigo kwa mkono. Hapo maana ni kuzuia. Lakini mtu pia hukinga maji: huweka debe chini ya mlizamu mvua inaponyesha, au huviunganisha viganja vyake pale mwenziwe anapommiminia. Hapo maana si kuzuia bali ni kupokea kwa kutangulia. Chombo huwekwa mahali pake kabla tone halijafika. (Kinga kwa maana ya ukuni unaowaka ni neno jingine na halituhusu hapa.)

Waliotuundia neno kingamwili bila shaka waliifikiria maana ya kwanza, ile ya ngao. Hoja yangu ni kwamba maana ya pili ndiyo iliyo karibu zaidi na ukweli wa kibiolojia, na kwamba lugha yetu ilikuwa na picha sahihi ndani ya neno lake yenyewe kabla hatujaiazima ile ya kambini.

Mgono katika mkondo

Kisangani, makao makuu ya jimbo la Tshopo, iko mahali ambapo Mto Kongo unamaliza maporomoko yake saba yaitwayo Boyoma, ambayo wakoloni waliyapa jina la Stanley. Maporomoko hayo yametawanyika katika urefu wa takriban kilometa 100, na kwa jumla mto hushuka kiasi cha meta 60. La mwisho, lililo kando ya mji, ndilo la Wagenia, au Waenya kama baadhi ya waandishi wanavyowaita. Wavuvi hao husimamisha magogo marefu katika mashimo ambayo maji yenyewe yameyachimba kwenye miamba, huyafunga pamoja yakawa nguzo za miguu mitatu, kisha hutundika migono mikubwa yenye umbo la pia na kuishusha katika maji yaendayo kasi. Mara mbili kwa siku huenda kuitazama. Samaki wadogo hupita. Mkubwa aliyesukumwa na mkondo hubaki.

Nimechagua neno mgono kwa kuwa ndilo la Kiswahili cha pwani lililo karibu kwa umbo. Dema haliwezi kufaa, maana dema hutegwa kwa chambo, naye samaki huingia kwa hiari ya tumbo lake. Pale Wagenia hakuna chambo. Mto ndio unaoleta.

Yafaa nikiri mapema kwamba picha ya nguzo hizi imechoshwa na kadi za posta. Imekuwa ni alama ya mji mzima, na mara nyingi hutumiwa na watu wasiotaka kujua lolote jingine kuhusu wenyewe. André Droogers, aliyechapisha mwaka 1980 kitabu kuhusu jando la Wagenia, ametuonyesha kwamba jamii hii ni zaidi ya migono yake. Siutumii uvuvi wao kama pambo. Ninachohitaji ni mambo matatu ya kiufundi tu: kwamba mgono husukwa na kutundikwa kabla samaki hajaja, kwamba mvuvi hamkimbizi samaki, na kwamba mgono uliopandishwa ukafungwa juu ya nguzo haujaharibika. Upo mzima, ila hauvui.

Asiyoweza kuyaeleza askari

Swali la kale la elimu ya kinga ni hili: mwili unajuaje kutengeneza kingamwili inayolingana na kimelea ambacho haujawahi kukutana nacho? Mwaka 1940 Linus Pauling alipendekeza kwamba kingamwili hufinyangwa juu ya antijeni yenyewe, kama udongo juu ya kalibu. Hiyo ni nadharia ya amri: adui hufika, hupimwa, kisha silaha ya kumfaa hufuliwa. Picha ya askari inakaa vyema kabisa ndani ya nadharia hiyo. Bahati mbaya nadharia yenyewe si kweli. Niels Jerne mwaka 1955, na Macfarlane Burnet mwaka 1957, waliigeuza juu chini. Kingamwili za kila namna zimekwisha kuwapo kabla ya antijeni, kila seli B ikibeba namna moja tu. Antijeni inapofika haifundishi chochote. Huchagua seli inayolingana nayo, na seli hiyo huzaana.

Lilibaki swali la hesabu. Jeni za binadamu zinazotengeneza protini ni kiasi cha 20,000, na kingamwili ni mamilioni kwa mamilioni. Zinatoka wapi? Susumu Tonegawa, akifanya kazi Basel, alionyesha mwaka 1976 kwamba jeni kamili ya kingamwili haimo katika yai wala katika mbegu. Hurithiwa vipande vipande, na kila seli B inapokua ndani ya uboho huvikata na kuviunga vipande hivyo yenyewe. Kwa ugunduzi huo alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1987. Kwa mnyororo mzito, ambao jeni zake zimo katika kromosomu ya 14, binadamu ana vipande vya V vinavyofanya kazi vipatavyo 40, vya D vipatavyo 23, na vya J 6. Seli huchukua kimoja kimoja, yaani kuna njia 5,520. Minyororo myepesi, kapa kutoka kromosomu ya 2 na lamda kutoka kromosomu ya 22, huleta njia nyingine kama 320. Tukizizidisha tunapata zaidi ya milioni moja na laki saba, na hapo bado hatujahesabu herufi zinazoongezwa na kupunguzwa kwa bahati nasibu kwenye maungio.

Hapa askari ameishiwa. Jeshi gani huandikisha watu zaidi ya milioni, kila mmoja akipewa ufunguo wa mlango usiojulikana kama upo, na walio wengi wakafa bila kuuona mlango wenyewe? Askari hufunzwa kwa ajili ya adui. Seli B haifunzwi. Askari hupokea amri. Seli B huchaguliwa na kile kile tunachokiita adui. Sitiari ya askari, kwa maneno mengine, imehifadhi katika Kiswahili nadharia ya mwaka 1940 baada ya wanasayansi wenyewe kuizika. Mgono husimama vizuri zaidi. Umesukwa kwa kipimo fulani bila kujua mto utaleta nini, na thamani yake hujulikana baada ya samaki kupita.

Kufunga, kufungua, kukata

Tuje sasa kwenye jambo gumu zaidi, ambalo ndilo lililonifanya niandike. Seli B ina nakala mbili za kila jeni, moja ya baba na moja ya mama. Kama ingetumia zote mbili, ingebeba kingamwili za namna mbili, na uchaguzi aliousema Burnet ungevurugika: antijeni ingeichagua seli kwa ajili ya namna moja na kuizidisha ya pili bila kukusudia. Kwa hiyo seli hutumia nakala moja na kuinyamazisha nyingine.

Mojawapo ya njia za kuinyamazisha ni umethilishaji wa DNA. Kikundi kidogo cha methili, kaboni moja na hidrojeni tatu, hubandikwa juu ya herufi C pale inapofuatwa na G. Herufi yenyewe haibadiliki. Haifutwi wala haihamishwi. Lakini alama hizo zinapokuwa nyingi, uzi wa DNA hukunjamana, na vimeng'enya vinavyopaswa kuusoma au kuukata havipati pa kushika. Seli inapogawanyika, kimeng'enya maalumu hunakili alama hizo kwenye uzi mpya, hata seli changa ikazaliwa na mafundo yale yale ya seli iliyoizaa.

Mwaka 1998 watafiti wakiwamo Yehudit Bergman na Howard Cedar wa Chuo Kikuu cha Kiebrania, Yerusalemu, walionyesha kwa kutumia panya kwamba nakala zote mbili za jeni ya kapa huanza zikiwa zimemethilishwa. Wakati wa kuunga mnyororo mwepesi unapofika, alama huondolewa kwenye nakala moja, na hiyo ndiyo hukatwa kwanza. Ikifaulu kutoa mnyororo unaokubaliana na ule mzito, ya pili huachwa ilivyo. Mwaka 2016 ilionyeshwa, kwa panya vilevile, kwamba vimeng'enya viwili, TET2 na TET3, vinahitajika ili ufunguaji huo utimie. Tusitie chumvi, hata hivyo. Kuondoa methili peke yake hakutoshi. Protini ambazo uzi wa DNA umezungushiwa zina alama zake, nazo vimeng'enya vya RAG, ambavyo ndivyo vikataji, husubiri alama hizo pia.

Kwa mwanaisimu jambo hili lina ladha ya pekee. Kiswahili kina kauli ya kutendua: funga hutoa fungua, tega hutoa tegua, ziba hutoa zibua, kunja hutoa kunjua. Kiambishi kimoja hutuambia kwamba tendo la kwanza halikuharibu kitu, na kwamba laweza kurudishwa nyuma. Kitenzi kata hakina mwenza wa namna hiyo. Katua lipo, lakini maana yake ni kung'arisha chuma au shaba, si kukirudisha kilichokatwa. Basi sarufi yetu tayari imetenganisha kile ambacho biolojia inataka kitenganishwe. Umethilishaji ni kufunga, wenye kufungua kwake; muungano wa V, D na J ni kukata, na seli iliyokata haiwezi kuvirudisha vipande ilivyovitupa. Seli B hufanya yote mawili kwa mfuatano: hufungua fundo katika nakala moja, kisha hukata ndani yake.

Lakini tumeandikaje? Tumeandika kwamba jeni huzimwa na kuwashwa. Vitenzi hivyo viwili havina undugu wowote wa mnyambuliko, vimetoka kwenye umeme, na vinadokeza taa yenye hali mbili tu na kidole kilichoko nje ya chumba. Havisemi lolote kuhusu fundo linalorithiwa na seli changa. Baya zaidi ni kile kifungu cha magazeti, kubadili jeni, ambacho hubeba kufunga na kukata katika gunia moja. Wakati wa janga la UVIKO-19 uvumi kwamba chanjo inabadili jeni ulisambaa katika lugha nyingi, Kiswahili kikiwamo. Jibu lililotolewa lilikuwa kukana tu. Ni kweli kwamba chanjo zile hazibadili jeni za mtu. Chembe za RNA zilizomo katika baadhi yake haziingii ndani ya kiini cha seli. Lakini jibu kamili lingesema pia kwamba seli B za kila binadamu, aliyechanjwa na asiyechanjwa, hukata jeni zao wenyewe ndani ya uboho kila siku, tangu akiwa tumboni mwa mama yake. Msomaji asiyelijua hili huliogopa neno jeni lenyewe, na hatuna haki ya kumcheka ikiwa hatukumpa kitenzi.

Napendekeza basi jeni iliyofungwa na jeni iliyofunguliwa kwa habari ya methili, na jeni iliyokatwa na kuungwa kwa habari ya V, D na J. Najua mtu atasema kwamba kufungwa kunakumbusha jela. Mgono wa Wagenia uliofungwa juu ya nguzo utatusaidia kulitoa neno huko.

Mji unaowajua askari

Sitiari haisomwi hewani. Husomwa na watu wenye kumbukumbu. Sitiari ya askari wa mwili hudhani kwamba msikilizaji hulala salama kwa sababu kuna askari nje. Kisangani si mji wa kudhaniwa hivyo. Mwaka 1964 ulishikwa na waasi wa Simba, kisha ukaingiliwa na makomandoo wa Ubelgiji. Kuanzia tarehe 5 hadi 10 Juni 2000 majeshi mawili ya kigeni, la Rwanda na la Uganda, yalipigana ndani ya mitaa yake kwa mizinga, na mamia ya raia wakauawa. Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua mwaka 2005 kwamba Uganda inawajibika kwa matendo yake nchini Kongo, na mwaka 2022 ikaagiza fidia ya dola milioni 325. Neno la mitaani huko kwa askari ni soda, wingi basoda, nalo halimaanishi mlinzi. Mwalimu wa afya anaposimama mbele ya watu hawa na kuwaambia kwamba ndani ya damu yao mna askari, yeye amesema ulinzi. Wao wamesikia nini?

Mji huo una kumbukumbu nyingine, ya chanjo yenyewe. Katika miaka ya 1950 maabara ya wakoloni ya Stanleyville iliwafuga mamia ya sokwe katika kambi ya Lindi, nje ya mji, kwa majaribio yaliyohusu chanjo ya polio ya Hilary Koprowski. Mwaka 1999 mwandishi Edward Hooper alichapisha kitabu akidai kwamba huko ndiko virusi vya UKIMWI vilikovuka kuwaingia binadamu. Dai hilo lilikanushwa mwaka 2004, pale Michael Worobey na wenzake walipoonyesha kwamba virusi vya sokwe wa maeneo ya Kisangani viko katika tawi tofauti na lile la virusi vya binadamu. Chimbuko likaonekana baadaye kuwa ni sokwe wa kusini mwa Kamerun. Kukanushwa kwa dai si kufutwa kwa simulizi. Nalo neno chanjo halitusaidii, maana linatokana na kuchanja ngozi: humwonyesha msikilizaji wembe na mkono ulioushika, wala halimwonyeshi mwili wake unachofanya.

Gharama ya jambo hili ilionekana mashariki zaidi, katika Kivu Kaskazini na Ituri, wakati wa mlipuko wa Ebola uliotangazwa Agosti 2018 na kumalizika Juni 2020 baada ya watu zaidi ya 2,200 kufariki. Huko Kiswahili ndicho kilichotumika sana kuwaeleza watu. Lugha ilikuwa ya vita, na haikuwa sitiari tu: mara nyingi timu za afya zilisindikizwa na wenye silaha. Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Sitaki kudai kwamba sitiari ndiyo iliyowasha moto huo. Sababu zilikuwa nyingi, zikiwamo miaka ya mauaji ya raia na kuahirishwa kwa uchaguzi katika Beni na Butembo. Ninachosema ni kwamba hatukuwa na picha nyingine ya kuwapa.

Na ilikuwapo. Katika vituo hivyo hivyo, kuanzia Novemba 2018 hadi Agosti 2019, dawa nne zilikuwa zikijaribiwa kwa wagonjwa 681, katika utafiti ulioongozwa kwa pamoja na Profesa Jean-Jacques Muyembe. Mojawapo, iliyoitwa mAb114, haikuwa kemikali iliyobuniwa mezani. Ilikuwa ni kingamwili. Ilipatikana katika seli B za mtu aliyepona Ebola katika mlipuko wa Kikwit wa mwaka 1995. Alitoa damu miaka 11 baadaye, na ndani yake seli zenye kumbukumbu zilikuwa bado zipo, kila moja na jeni yake iliyokwisha kukatwa na kuungwa. Wanasayansi waliunakili msuko huo. Katika jaribio, waliopewa mAb114 walifariki kwa kiasi cha asilimia 35, na waliopewa dawa ya kulinganishia, ZMapp, kwa kiasi cha asilimia 50. Desemba 2020 dawa hiyo iliidhinishwa nchini Marekani.

Yaani mgono uliosukwa na mwili wa Mkongomani mmoja mwaka 1995 ulikuwa ukishushwa katika damu ya Wakongomani wengine miaka zaidi ya 20 baadaye. Jambo hili lingeweza kusemwa Beni na Butembo kwa Kiswahili chepesi kabisa. Kwa sitiari ya askari lilikuwa ni jeshi jingine la kigeni.

Mipaka ya mgono

Mhakiki asiyetaja udhaifu wa picha anayoipenda ni muuzaji. Mgono una wenyewe, nao wana nia; uboho hauna mvuvi. Mgono uliomnasa samaki haugeuki kuwa migono elfu, ilhali seli B iliyochaguliwa huzaana, na katika tezi za limfu huendelea kuibadilisha jeni yake kwa makosa madogo madogo yanayochujwa, hadi kingamwili ikanata barabara. Migono ya Wagenia haipishani sana kwa msuko. Kingamwili hupishana mno. Zaidi ya hayo, samaki ni riziki na kimelea ni maradhi, na sina dawa ya tofauti hiyo.

Lakini mahali ninapoona picha zote mbili zikishindwa ni katika saratani ya Burkitt, na huko ndiko istilahi na sitiari hukutana. Daktari Denis Burkitt aliieleza mwaka 1958 akiwa Mulago, Kampala, kutokana na watoto waliokuja wakiwa na uvimbe wa taya. Inaonekana zaidi katika ukanda wa malaria wa Afrika, Kongo ikiwamo. Mwaka 1964 Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr waliona virusi katika seli zilizopelekwa London kutoka Kampala. Mwaka 1982 ikabainika kinachotokea ndani ya seli B hizo: aghalabu kipande cha kromosomu ya 8 chenye jeni ya MYC, inayoisukuma seli igawanyike, huungwa kimakosa na kromosomu ya 14, karibu na sehemu inayoamrisha jeni ya mnyororo mzito. Sehemu hiyo katika seli B ni lazima iwe wazi, imefunguliwa, inafanya kazi usiku na mchana. MYC ikiwekwa hapo hailali tena. Tafiti zilizochapishwa mwaka 2014 na 2015 zimeonyesha kwamba malaria huongeza kazi ya kimeng'enya kiitwacho AID, ambacho huigusa DNA ya jeni za kingamwili na mara nyingine hukosea pa kugusa.

Askari mwasi, husema vitabu. Mgono uliofungwa kwenye nguzo isiyo yake, ningesema mimi, na nisingeridhika sana. Lakini jambo linalomgusa mzazi aliyeketi wodini si sitiari hata moja kati ya hizi mbili. Ni neno urithi. Akiambiwa kwamba ugonjwa wa mtoto umetokana na hitilafu katika chembe za urithi, ataanza kuhesabu wazee wa upande wa mume na wa upande wa mke, na pengine nyumba itavunjika kwa hesabu hiyo. Hali mkato uliomponza mtoto haukutoka kwa baba wala kwa mama. Ulitokea katika seli B moja, ndani ya mwili wa mtoto mwenyewe, ikiwa katika kazi ya kukata na kuunga ambayo seli zote za aina yake huzaliwa ziifanye. Kwa sababu hiyo, katika mlango huu wa biolojia, natumia jeni, neno la kukopa lisilo na ukoo, na chembe za urithi naziacha kwa mambo yanayorithiwa kweli.